Maswali ya wasomaji: Tuzo ya kutunza akili za wazee, tumpe nani?

*Anayejibu ni muuguzi mstaafu wa afya ya akili.*

Swali: Mama, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ndogo ya hospitali tunamofanyia kazi. Tumeagizwa kuteua mtaalamu mmoja wa kupewa tuzo ya utumishi uliotukuka katika huduma ya afya ya akili kwa wazee, na ni mara yetu ya kwanza. Tumeletewa majina tisa. Wajumbe wengine wanamtaka daktari bingwa wetu kwa sababu ya tafiti zake. Wengine wanamtaka muuguzi wa zamu ya usiku ambaye ana miaka 26 wodini na hajaandika kitu zaidi ya ripoti za zamu. Lilikuwepo pia jina la dada wa usafi, mwenyekiti akalikata kwa kuwa “si mtaalamu”. Tupime kwa vigezo gani? Na yupo mjumbe anayeuliza: tuzo ya nini, wakati wodi yenyewe haina wauguzi wa kutosha? – *Katibu wa kamati*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye lile jina lililokatwa. Niruhusu nianzie hapo.

Nimekuwa muuguzi wa akili kwa miaka 31, na 19 ya mwisho nilikuwa na wazee. Tulipata kuwa na bibi mmoja mwenye demensia, ule ugonjwa unaokula kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ambaye kila asubuhi, tukimpeleka kunawa, alipiga mayowe. Alirusha ngumi, aliuma, alishikilia fremu ya mlango mpaka vidole vikageuka rangi. Kwenye faili lake ni mimi niliyeandika: “Mkali, hataki kusaidiwa.” Akaongezewa dawa ya kumtuliza. Akawa anasinzia mchana kutwa, chakula kinamkalia mdomoni, na asubuhi mayowe ni yale yale.

Wiki ya pili, dada aliyekuwa akipiga deki akanivuta pembeni. Akasema, “Sista, huyu bibi haogopi maji. Juzi bomba lilipoharibika mlimnawisha kitandani kwa beseni, na alitulia. Mimi naona anaogopa kile kioo.”

Tulikitundikia taulo kile kioo. Kesho yake bibi alisimama mbele ya sinki, akakinga viganja vyake mwenyewe, akanawa uso taratibu, akaomba sabuni. Demensia inaweza kumfikisha mtu mahali asiitambue tena sura yake. Kwa macho ya yule bibi, kila alfajiri tulikuwa tunamvua nguo mbele ya mwanamke asiyemfahamu, anayemkodolea macho. Nani asingepiga mayowe? Daktari alianza kupunguza dawa wiki ile ile.

Zamu ile tulikuwa wauguzi wanne na daktari mmoja, wote na vyeti vyetu. Aliyeona ni mpiga deki. Kwa hiyo, ikiwa masharti ya tuzo yanasema “mtaalamu” na hamwezi kuyabadilisha mwaka huu, sawa, yafuateni, lakini mwombe mwenyekiti afungue tuzo ya pili kwa wahudumu wasio na taaluma ya tiba. Jina la huyo dada lisiishie kwenye kapu la takataka.

Sasa tuje kwa daktari wako. Usikubali wajumbe wamdharau kwa kuwa kazi yake iko kwenye makaratasi. Kuna wakati mzee akiingia hospitali ya akili, iwe anasahau, ana huzuni nzito au anasikia sauti, aliwekwa kwenye fungu moja: uzee umemharibu akili, basi. Mwaka 1955 daktari wa Uingereza, Martin Roth, alichapisha kazi aliyoifanya kwa kufuatilia mafaili ya wagonjwa wazee, nani alitoka, nani alibaki, nani alifariki. Ikaonekana wazi kwamba wenye sonona, yaani ile huzuni nzito, wengi walipata nafuu wakatoka, wakati wenye demensia wengi walikuwa wamefariki ndani ya miaka miwili. Kumbe hayakuwa maradhi ya aina moja. Mzee mwenye sonona anayeachwa bila matibabu kwa sababu watu wamedhani ni uzee, huyo ananyimwa uhai wake, na waliofumbua macho ya wengine juu ya hilo walikuwa wamekaa mezani na kalamu. Ila huyo bingwa mwulizeni swali moja: utafiti wako umebadilisha nini pale kitandani? Akiwaonyesha, jina lake libaki juu. Akianza kuwahesabia majarida, literemsheni.

Na hiyo miaka 26 ya muuguzi, mwanangu, peke yake haitoshi. Nimefanya kazi na watu waliokaa miaka mingi kuliko hiyo wakifunga milango na kuwaita wazee “watoto”. Mimi ningefanya hivi: ningepita wodi nyingine, ya upasuaji, ya mifupa, ya magonjwa ya ndani, niwaulize wauguzi wa huko, “Mzee wenu akichanganyikiwa ghafla saa nane za usiku, mnampigia simu nani?” Jina litakalorudiwa ndilo ninalolitaka.

Nasema hivyo kwa sababu kuchanganyikiwa ghafla ndiko tunakokosea sana. Mzee alikuwa akiongea vizuri jana, leo anaokota vitu visivyopo hewani, au amelala tu hasemi kitu, na wanaomzunguka wanasema ni umri. Mara nyingi chanzo ni maambukizi kwenye mkojo au kifua, dawa mpya, upungufu wa maji mwilini, hata choo kigumu. Kikitibiwa mapema, wengi wanarudi walivyokuwa; kikiachwa kinaweza kuua. Mwaka 1990 Sharon Inouye na wenzake, huko Marekani, walitoa njia fupi ya kutambua kuchanganyikiwa huku, na jambo la kwanza inalotaka kujua ni hili: je, mabadiliko yameanza ghafla, na yanapanda na kushuka? Muuguzi mzuri wa wazee anauliza hivyo hata kama hajawahi kusikia jina la Inouye. Anamgeukia ndugu wa mgonjwa na kusema, “Jana alikuwaje?” Huyo mtafuteni.

Halafu ulizeni amemfundisha nani. Waulizeni ndugu, wakiwemo waliofiwa, kwa maana hao hawana tena cha kuogopa wala cha kuomba kwenu. Na wazee wenyewe waulizeni. Utaambiwa hawakumbuki majina. Ni kweli, lakini kaa wodini saa moja uangalie nyuso zao anapoingia kila mtu. Mzee aliyesahau jina lako anaweza akawa anaujua vizuri sana mkono wako.

Kuhusu yule mjumbe anayeuliza tuzo ni ya nini, mwambie swali lake ni zuri na asiliache. Nilipoomba kuhamia kwa wazee, mkubwa wangu wa kazi aliniambia ninakwenda kujizika. Hakunichukia, ndivyo alivyoamini, na walioamini hivyo walikuwa wengi. Mwaka 1969 daktari Robert Butler, huko huko Marekani, aliupa jina ubaguzi huu wa umri, na baadaye akauweka safu moja na ubaguzi wa rangi na wa jinsia. Bado unatembea kwenye korido zetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 14 ya watu wenye miaka 60 na zaidi wana tatizo la afya ya akili, na bado mwanafunzi akichagua fani hii wenzake wanamwonea huruma. Ndiyo maana hata chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya akili ya wazee, kilichoanza miaka ya mwanzo ya 1980, kina tuzo yake ya utumishi. Kijana wa mafunzo akimwona mtu wa wodi ya wazee anaitwa mbele na kupigiwa makofi, anajua kuna watu wanaoiona kazi hii.

Lakini tuzo haimgeuzi mgonjwa ubavu. Kwa hiyo msiipeleke ukumbini. Itoeni wodini, wakati zamu ya usiku inapokabidhi kwa ya asubuhi, na uongozi wote uje usimame pale kati ya vitanda, uone ni wauguzi wangapi wanaopokea wagonjwa wangapi. Ambatanisheni na kitu: nafasi moja ya ajira, au mafunzo yaliyolipiwa kwa watu wawili atakaowachagua mshindi. Na apewe akiwa bado kazini. Mimi ngao yangu nilikabidhiwa siku ya kustaafu. Niliipokea kwa machozi, nikaenda nayo nyumbani, na Jumatatu sikuwa na wodi ya kuipeleka. Ningeipata miaka kumi kabla ningeingia nayo ofisini kwa mkubwa, niiweke mezani, nidai muuguzi wa pili wa usiku.

Swali: Shikamoo mama. Ni daktari. Mwezi ujao ninapewa tuzo kwa kazi yangu na wazee wenye demensia. Mama yangu mzazi anayo, mwaka wa nne sasa, na anayemuuguza ni dada yangu peke yake. Mimi hufika, nikaandika dawa, nikaondoka. Nimefikiria kuikataa. – *Mwenye aibu*

Jibu: Marahaba, baba. Usiikatae. Wagonjwa uliowahudumia ni wa kweli na hawakukosea kukupendekeza. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla ya siku hiyo chukua likizo ya wiki mbili, na dada yako aondoke, alale mahali ambapo hakuna anayemwita usiku. Ubaki na mama wewe. Umwogeshe, umbadilishe nguo, umjibu swali lile lile mara ya arobaini. Usimwite dada kwa simu kumuuliza nguo ziko wapi, zitafute.

Akirudi, usianze na habari za tuzo. Mwulize anataka siku zipi za juma ziwe zako, uziandike mbele yake. Na siku ya sherehe, kama atapenda kuja, muuguzi wa kumshika mama jioni hiyo umlipe wewe.