Dogo, usiuze vyuma vya jimu: Arnold hakupita kwa wajumbe

Dogo, simama hapo hapo. Kama mnunuzi wa vyuma vyako hajaleta kirikuu, mpigie sasa hivi umwambie umeghairi. Maswali yako mengine nitayafikia huko chini, ila hili la kuuza jimu nzima ili ufanye "bonanza la kujitambulisha" limenitoa jasho nikiwa nimekaa kwenye feni.

Kwa wakuu ambao hawajasoma uzi tangu juu: dogo ni mtunisha misuli, amecheza tamthilia mbili tatu, mtaani watoto wanamwita kwa jina la kwenye tamthilia, na anautaka udiwani 2030. Ameuliza kama kidato cha nne kinatosha, aende chama kipi, na kama ile njia ya Arnold Schwarzenegger ya vyuma, filamu kisha siasa inapitika huku kwetu. Akamalizia kwamba kuna "mratibu" wa kampeni ameshamwandikia bajeti. Nilipofika kwa mratibu nikaweka kikombe chini.

Mimi nilikuwa bondia wa kulipwa. Usihangaike kunitafuta kwenye rekodi za dunia, sipo. Nilishinda mapambano kadhaa kihalali na mengine kwa sababu mpinzani alikuja ameshapigwa na maisha. Mwili ulipokataa nikaingia Bongo Movie. Kwa sura hii unajua walinipa nafasi gani: baunsa, jambazi, shemeji mkorofi. Filamu iliyonitoa nilikuwa namdhulumu mjane nyumba. Kumbuka huyo mjane, atarudi kunimaliza.

2020 nikatia nia udiwani. Chama sikitaji, hakikunikosea kitu. Aliyenikosea ni mtu aliyejiita meneja wa kampeni, aliyekuja na kompyuta mpakato na picha ya Arnold ameweka kwenye skrini. Akaniambia, "Kaka, huyu alikuwa mwanamichezo kama wewe, akaigiza kama wewe, akawa gavana. Wewe unaogopa kata?" Dogo, sentensi hiyo imenigharimu kiwanja. Kiwanja cha Chanika, kimepimwa, kina hati. Nilikiuza kwa bei ya mtu mwenye haraka, na mnunuzi aliijua hiyo haraka kabla mimi sijaijua.

Hela ilikwenda hivi: muziki mkubwa na jenereta yake, jukwaa, wasanii wa singeli, jezi za timu za mitaa, ng'ombe wa mshindi wa kwanza na mbuzi wa mshindi wa pili, bodaboda za msafara zilizojaziwa mafuta, na tisheti zenye uso wangu nimekunja ngumi. Tisheti zilikuwa nyingi kuliko wakazi wa mtaa wangu. Meneja alisema zitakazobaki "tutazitumia kwenye kampeni yenyewe". Nilimwamini, maana alikuwa anaongea huku anaandika.

Nyomi lilikuja, sikatai. Uwanja wa shule ulifurika, watoto wamepanda mpaka kwenye milingoti ya goli. Watu wametoka kata za jirani, wengine nahisi walishuka tu kwenye daladala baada ya kusikia singeli. Nilipopanda jukwaani wakapiga kelele jina la jambazi, wakaomba nirushe ngumi, nikarusha. Machozi yakanilenga. Nikasema basi, hii kata ni yangu.

Sasa sikiliza. Jumamosi hiyo hiyo, saa hizo hizo, wajumbe wa chama wa kata, wale wanaopiga kura ya kumchuja mtia nia, walikuwa na kikao chao cha kawaida kwenye ofisi iliyo nyuma ya ukuta wa ile shule. Spika zetu zilikuwa zimeelekezwa kwao. Walimtuma kijana aje kuomba tupunguze sauti kidogo, hawasikilizani. Kijana akamkuta meneja wangu. Meneja akamjibu, nanukuu nilivyohadithiwa baadaye: "Waambie huyu ndiye diwani mtarajiwa, wamzoee." Kisha akampa kijana tisheti.

Dogo, watu wote waliokuwa na kura yangu mkononi walikuwa chumba kimoja, mita chache kutoka nilipo, na mimi nimelipa hela ya kiwanja kuwaudhi.

Wiki iliyofuata ikaja barua ya onyo kwa kuanza kampeni kabla ya wakati. Meneja akasema hiyo ni dalili wapinzani wameogopa. Kila jambo kwake lilikuwa dalili nzuri. Jenereta ikizima, dalili nzuri. Mtu akinitukana mtandaoni, dalili nzuri, "tunazungumzwa". Yule hata ungekata roho mbele yake angesema umepunguza matumizi.

Siku ya kura za maoni, yaani mchujo wa ndani ya chama, niliingia ukumbini nimevaa suti. Viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kwa kusitasita, ndoo nyeupe ya kukusanyia kura mezani. Mama mmoja mjumbe, mtu mzima, alinishika mkono akaomba tupige picha. Tukapiga. Kisha akaniambia, "Mwanangu, ulinikera sana ulivyomnyang'anya yule mjane nyumba yake." Nikacheka. Yeye hakucheka. Wenzake wawili wakaitikia kwa kichwa. Nilipopewa dakika za kujieleza nikaongea kuhusu maendeleo, vijana, michezo. Mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Ndugu mtia nia, balozi wa shina lako anaitwa nani?" Nikataja jina la huyo kiongozi wa chama wa nyumba za jirani. Ukumbi ukaguna. Kumbe yule mzee alishafariki, na msiba wake ulikuwa nyumba ya nne kutoka kwangu. Nilikuwa location, narekodi.

Kura zikahesabiwa mbele ya watu, moja moja, kwa sauti. Nilipata tatu. Moja yangu. Hizo mbili mpaka leo kila mjumbe ninayekutana naye ananiambia ni yeye. Ulingoni nimepigwa na watu wazima wenye misuli nikasimama. Siku ile nimepigwa na vikaratasi vilivyokatwa kwa rula nikalala.

Wajumbe nao hawakunifanya kitu. Ule utani wa "wajumbe si watu wazuri" niliucheka na mimi mwaka ule, lakini aliyepita alikuwa mwalimu mstaafu ambaye huwezi kumtambua hata ukigongana naye sokoni. Alikuwa amezika nao, ameozesha nao, na amekaa nao vikao vingi vya kunywa maji ya uvuguvugu. Mimi nilikuja na ng'ombe.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nimeinunua kwa hati ya kiwanja: kabla hujatoa shilingi ya kwanza, jua nani anapiga kura ya kwanza.

Sasa huyo Arnold. Baada ya kufilisika nilikuwa na muda mwingi wa kusoma, na ndipo nikagundua nilichokuwa nimeuziwa. Arnold hakupita kura za maoni za chama chake. Soma tena. Mwaka 2003 watu wa California walikuwa wamemchoka gavana wao, Gray Davis, kwa sababu ya umeme, nakisi ya bajeti na ada ya magari iliyopandishwa. Sheria ya jimbo lile inaruhusu wananchi kukusanya saini na kumwita gavana kwenye kura ya kumwondoa katikati ya muhula. Mbunge mmoja tajiri, Darrell Issa, akamwaga zaidi ya dola milioni moja na nusu kukusanya hizo saini, akitarajia kiti kiwe chake. Tarehe 6 Agosti Arnold akaenda kwenye kipindi cha runinga cha Jay Leno akatangaza kwamba anagombea. Kesho yake Issa akajitoa, analia mbele ya waandishi. Huyo ndiye ninayemwelewa kuliko wote kwenye hadithi nzima. Kalipia muziki, mwingine kaja kuimba.

Tarehe 7 Oktoba kura ikapigwa. Karatasi moja, maswali mawili: Davis aondoke? Akiondoka, aingie nani? Kuingia kwenye orodha ilitosha kuwa na saini 65 na dola 3,500, ndiyo maana wagombea walifika 135. Hakuna kikao cha kuchuja wala mjumbe wa kukuuliza balozi wako. Jina linalojulikana kuliko yote kati ya majina 135 ndilo litakaloonekana, na Arnold akapata asilimia 48.6. Umaarufu ulifanya kazi kwa sababu kura ya kwanza ilikuwa ndiyo ya mwisho, na wapigaji walikuwa jimbo zima.

Unataka kujua kingetokea nini angepita njia ya kawaida? Mwaka mmoja kabla, 2002, chama cha Arnold, Republican, kilikuwa na Richard Riordan, meya wa zamani wa Los Angeles, mtu wa msimamo wa kati kama Arnold, anajulikana, ana hela. Wanachama wakampiga chini kwenye mchujo wa Machi wakamchagua Bill Simon, mfanyabiashara aliyekuwa hajawahi kushika kiti chochote. Simon akaenda kushindwa na Davis. Meneja wangu hakuwahi kumtaja Riordan. Sidhani kama alikuwa anajua yupo.

Na hata hivyo Arnold hakuibuka siku hiyo kwa Leno. Mtu kabeba Mr. Olympia, taji kubwa la watunisha misuli, mara saba, lakini pia 1990 hadi 1993 aliongoza baraza la rais la mazoezi ya viungo, akazunguka Marekani kuongea na magavana na mashule. Novemba 2002 alilisimamia Pendekezo la 49, la kutenga fedha za programu za watoto baada ya masomo, likapita. Yaani alishapigiwa kura na wana-California kabla hajagombea. Mke wake wa wakati huo, Maria Shriver, anatoka ukoo wa Kennedy, wa yule rais. Mimi mke wangu anatoka Kondoa, tena aliniambia nisiuze kiwanja.

Kuna mwingine unaweza kuletewa kwenye kompyuta hiyo hiyo: Jesse Ventura, mwanamieleka, aliyeigiza na Arnold kwenye Predator ya 1987, akawa gavana wa Minnesota kwa uchaguzi wa 1998. Watakwambia "umeona?" Waulize alianzia wapi. Alianza kuwa meya wa mji wa Brooklyn Park, 1991 hadi 1995. Na ugavana aliupata kwa asilimia 37 tu, kwa sababu vyama viwili vikubwa viligawana zilizobaki, na yeye alikuwa na chama kidogo cha Reform ambacho hakikuwa na foleni ya watu mlangoni.

Manny Pacquiao je? Yule ni bondia kweli, siyo mimi, na filamu amecheza. 2007 aligombea ubunge nyumbani kwake Ufilipino, nchi nzima inamwabudu, akapigwa na mama mmoja, Darlene Antonino-Custodio. Hakukaa akilaumu. Akahamia Sarangani, mkoa wa kina mke wake, akajenga kwa watu, 2010 akapita. Kama Pacquiao alihitaji kuhama na kuanza upya, wewe na tamthilia zako mbili unaanza na bonanza?

Halafu usije ukaniletea mfano wa Wesley Korir wa Kenya. Ni kweli, alishinda Boston Marathon 2012, mwaka uliofuata akawa mbunge wa Cherangany, tena mgombea binafsi. Hapo "binafsi" ndipo penye jibu. Kenya wanaruhusu. Kwetu Tanzania hakuna mgombea binafsi, lazima upite mlango wa chama, na kwenye mlango huo wamekaa watu wachache wenye kumbukumbu nzuri sana ya nani alikuja msibani.

Kwa hiyo la chama kipi nimeshakujibu bila kukusudia: kile ambacho unawajua watu wake wa tawi kwa majina. La elimu, sheria inataka ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na wewe umeandika uzi mrefu kuliko huu wangu, umepita.

Ila vyuma usiuze. Jimu ni ofisi yako. Watoto wa wajumbe wanakuja pale, waume zao wenye vitambi na presha wangekuja kama ungewafungulia asubuhi kwa bei ya chini. Mpaka 2030 una muda wa kutosha kujulikana kwa jina ulilopewa na mama yako, siyo la kwenye tamthilia. Kama kadi yako ya chama ina madeni ya ada, nenda kwa katibu wa tawi kesho ulipe, ukae kwenye kikao chao mwanzo mpaka mwisho, simu mfukoni, hata wakijadili choo cha ofisi saa mbili. Siku ukiweza kuniandikia hapa majina ya wanaopiga kura ya kwanza kwenye kata yako, na wanakaa wapi, nitakuchangia mwenyewe hela ya fomu. Nimesema mbele ya watu, wakuu mnaweza kupiga picha ya skrini.

Halafu huyo mratibu wako. Ana kompyuta mpakato yenye picha ya Arnold? Anaandika huku anaongea? Nijibu haraka, maana wangu alitoweka na salio la tisheti, na kama bajeti yako ina kipengele cha "tisheti, mtumba, zifutwe maandishi", hizo ni zangu.