Kati ya .500 na .44: namna ya kuichagua na kuikagua rivolva ya magnamu iliyokwishatumika

Mkuu, umeeleza kwamba shamba lako la nyanya liko Ngarenanyuki, nyati wanatoka upande wa Hifadhi ya Taifa Arusha, una shotigani yenye leseni, na sasa umeonyeshwa rivolva mbili (bastola za silinda inayozunguka) za magnamu, yaani za risasi zenye nguvu kuliko za kawaida, zote zilizotumika: Smith & Wesson Model 500 yenye mtutu wa inchi 4 na Ruger Super Redhawk ya .44 Magnum yenye mtutu wa inchi 7.5. Unauliza ipi itamsimamisha nyati na utajuaje kama silaha yenyewe bado ni nzima. Mimi naishi Moshi, lakini nilifanya kazi kwa misimu kadhaa Limpopo, Afrika Kusini, ambako wageni huwinda kwa bastola, na kazi yangu ilikuwa kuzipokea silaha zao, kuzikagua na kusimama nyuma yao uwanjani wakijaribu shabaha kabla hawajaruhusiwa kuingia porini.

Nianze na nguvu, kwa kuwa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Risasi ya kawaida ya .44 Magnum, yenye kichwa cha gramu 15.5 hivi, hutoka mtutuni na nishati ya jouli 1,300 au zaidi kidogo. Ile ya .500, iliyotolewa na Smith & Wesson mwaka 2003, hufikia jouli 3,300 na zipo zinazokaribia 4,000. Rifle ya .375 H&H Magnum, ambayo tangu mwaka 1912 imekuwa kipimo cha wawindaji wa Afrika na ndiyo kalibre ya chini inayokubalika kwetu kwa nyati, ina jouli 5,700 hivi. Kwa hiyo hata ile yenye nguvu zaidi kati ya bastola mbili ulizoonyeshwa haijaifikia rifle ya chini kabisa ya kazi hiyo. Rivolva ya magnamu ni silaha ya mwisho, ya kutumika pale mnyama ameshakufikia na bunduki haipo mkononi. Nyati anayekula nyanya usiku ni wa tochi, kelele na askari wa wanyamapori, si wa bastola.

Ukikubali kwamba ni silaha ya hatua chache, swali linabadilika. Huulizi tena ipi ina nguvu zaidi, unauliza ni ipi utakayoweza kuipiga mara ya pili ikaenda ulikolenga. Hapo nimeona mambo mengi. Wanaume wenye vifua vipana walikuwa wakipiga risasi ya kwanza ya .500 vizuri sana, ya pili ikaenda chini kwa sababu mkono ulikwisha kuliogopa teke, yaani msukumo wa bastola kurudi nyuma inapopigwa, na ya tatu hawakuitaka. Model 500 yenye mtutu mfupi ina teke kali kuliko ile ya mtutu wa inchi 8.375, ambayo uzito wake wa kilo 2 husaidia kulimeza. Zaidi ya hapo kuna hatari ambayo wauzaji hawaisemi: teke likiirusha bastola nyuma, kidole cha mtu asiyezoea hurudi chenyewe kwenye kifyatulio na kufyatua risasi ya pili wakati mtutu umeelekea juu au kichwani kwake. Ndiyo maana uwanjani hatukumruhusu mgeni yeyote kuanza na silinda iliyojaa. Aliwekewa risasi moja tu, akazoea, ndipo akaongezewa.

Super Redhawk ya .44 ina uzito wa kilo 1.5 na inabeba risasi sita, wakati Model 500 inabeba tano. Tena tundu la Super Redhawk linakubali risasi za .44 Special, ambazo ni za tangu mwaka 1907, zina teke dogo na zinafaa sana kwa mazoezi, mradi usafishe pete ya masizi inayobaki ndani ya matundu kabla ya kurudi kwenye magnamu. Kwa nyati usichukue risasi zenye kichwa chenye tundu, kwa sababu hupanuka mapema na kuishia kwenye nyama. Tafuta kichwa kigumu, bapa mbele, cha gramu 19 hivi. Mtutu wa inchi 7.5 ni mrefu kiunoni kwa mtu anayeinama shambani kutwa, na ningependelea inchi 5.5, lakini kasoro hiyo naivumilia kuliko teke usiloliweza.

Sasa ukaguzi. Fungua silinda, hakikisha matundu yote ni matupu, kisha ifunge na uvute nyundo polepole kwa kidole gumba huku kidole kingine kikiigusa silinda kidogo tu ili kuipa uzito. Silinda inapaswa kujifunga kabla nyundo haijafika mwisho. Rudia kwa kila tundu, maana mara nyingi matano huwa mazuri na la sita ndilo lililochoka. Nyundo ikiwa imesimama, isukume mbele kwa kidole gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, rudisha bastola mezani na usijadili bei. Kisha shika kifyatulio kikiwa kimebanwa na utikise silinda: mtikisiko mdogo wa pembeni ni kawaida, ila wa mbele na nyuma unaoonekana kwa macho ni dalili ya kupigwa sana kwa risasi kali.

Nafasi kati ya silinda na mtutu ipime kwa fila geji, ile ile ya mafundi wa magari wanaorekebisha vali. Milimita 0.10 hadi 0.25 inatosha, ikizidi hapo, moto na vipande vya risasi huruka pembeni. Kwa sababu ya nafasi hiyo hiyo, usiweke kamwe kidole kando ya silinda unapopiga, hasa kwenye .500, kwa kuwa gesi yake inaweza kukata nyama. Angalia pia mdomo wa nyuma wa mtutu kwa tochi ndogo kama una nyufa, na sehemu ya fremu iliyo juu yake, ambapo moto huchimba mstari mwembamba. Mstari huo haunitishi ukiwa wa juujuu. Ufa hunitisha daima.

Kipo kipimo kimoja ambacho ukaguzi wa mezani hauwezi kukionyesha. Jaza silinda, pima urefu wa risasi ya mwisho kwa kalipa (kifaa cha kupimia vipimo vidogo), piga zilizotangulia, kisha uipime tena ile iliyobaki. Teke la magnamu huvuta vichwa vya risasi zilizobanwa vibaya vikatokeza mbele, na kikitokeza vya kutosha silinda inakwama, yaani bastola inakufa mkononi wakati unaihitaji. Hapo kosa ni la risasi, si la bastola, nawe utabadilisha aina ya risasi. Vaa vikinga masikio mazoezini, kwani mlio mmoja wa magnamu unatosha kuharibu usikivu.

Mimi ningeichukua Super Redhawk, ikifaulu ukaguzi huo, na .500 ningemwachia mwenyewe hata akipunguza bei. Lakini kabla ya kutoa hata malipo ya awali, fika polisi wilayani kwako. Leseni ya shotigani haikupi haki ya kumiliki bastola, na chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 kibali hutangulia, silaha hufuata. Uliza pia mapema kama risasi za .44 zinapatikana katika duka lenye kibali unaloweza kulifikia, kwa sababu risasi za shotigani ya kalibre 12 na za bastola ya milimita 9 ndizo ambazo maduka hujali kuziweka akiba.