Wapewe taka kabla ya gari kufika

Swali la wiki hii linauliza: waokota chupa wa Dodoma wasajiliwe rasmi au waondolewe mitaani? Mimi nakaa Nkuhungu, na naona tatizo liko kwingine: hawa watu wanaifikia taka ikiwa imeshaharibika.

Angalia kiroba cha nyumba ya kawaida siku ya gari. Juu maganda ya ndizi, katikati pampasi, chini chupa za maji zinazoogelea kwenye maji ya dagaa. Mwokotaji anapita alfajiri, anachambua harakaharaka maana mwenye nyumba akitoka ni matusi. Chupa anaimwaga mabaki, anaikanyaga itoke hewa, anaikaza kifuniko isivimbe tena, salfetini. Kwa mnunuzi chupa nyeupe ina bei kuliko ya kijani, na yenye mafuta au mchanga inakatwa kilo. Alizozikosa zinashindiliwa na uchafu mwingine hadi dampo la Chidaya, na huko hata ukiikuta chupa, haina thamani tena.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilishazipa halmashauri jukumu la kuhakikisha taka zinatenganishwa kwenye chanzo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji hili, na ongeza wageni wa Bunge na semina, kila mmoja na chupa yake mezani. Sisi tunalipa ada, mzoaji anapata chake. Mwokotaji aliyelipunguzia gari mzigo anategemea mizani tu. Bei ikishuka viwandani Dar es Salaam, anayelala njaa ni yeye.

Usajili siupingi, ila tunajuana: kitambulisho kinakuja na ada, ada inakuja na mgambo. Tuanze na viroba viwili kila nyumba, kimoja cha taka mbichi na kingine kikavu cha chupa; kikavu kitolewe mapema, na mwenyekiti wa mtaa awatambulishe wanaokipitia. Glavu na buti pia, kwa sababu ya sindano na vigae vya chupa.

Kuna wanaosema hao ndio wezi wa masufuria na mifuniko ya chemba. Wezi wapo. Lakini mfuniko wa chemba hauliwi, unauzwa, na anayeununua ana banda linalojulikana mtaa mzima. Aulizwe yeye.

Kwangu kiroba kikavu nakitundika getini jioni ya kuamkia siku ya gari. Mama anayekichukua siku hizi anapiga hodi kabisa, na ameshanipa masharti: chupa za lita moja na nusu nisizikunje wala kuzichanganya na za mafuta. Zile safi hazipeleki kwenye mizani. Anaziosha na kuwauzia wauza mafuta ya alizeti wa barabarani, moja moja, na anasema chupa chache za hivyo zinamlipa kuliko kilo nzima.

Msomaji, Nkuhungu, Dodoma