Kelaguen bila nyama: mbona tofu yangu inajaa maji?

Swali: Shikamoo mpishi. Naishi San Diego na majirani zangu ni WaCHamoru, wenyeji wa kisiwa cha Guam katika Pasifiki. Wakiwa na sherehe hunialika, na chakula chao kilichonikaa moyoni ni kelaguen, yaani nyama, kuku au kamba waliokatwakatwa na kuchanganywa na limau, nazi na pilipili. Mimi nimeacha nyama, samaki, maziwa na mayai, kwa hiyo nimejaribu kuipika kwa tofu. Niliikata vipande, nikaimwagia limau na chumvi kama jirani anavyofanya kwa kamba wabichi, nikaiacha saa nzima. Ikawa teketeke, bakuli likajaa maji, na nilipoitoa kwenye friji kesho yake nazi ilikuwa imeganda mabonge. Nimekosea wapi? Na je, uyoga mbichi au fenesi la kopo vingefaa zaidi?

Jibu: Marahaba, dada. Limau lako halina kosa. Ulichofanya ni kuipikia tofu kwa njia ya kamba, na limau halifanyi kazi ile ile kwa vitu hivyo viwili.

Protini ya kamba mbichi bado haijaganda. Asidi ya limau ndiyo inayoigandisha: kamba anapoteza ule ukijivu wa kung'aa, anakuwa mweupe na nyama yake inakaza. Tofu imeshagandishwa tangu ilipotengenezwa, pale maziwa ya soya yalipotiwa chumvi za magnesiamu au kalsiamu. Limau halikuti kitu cha kukaza humo. Chumvi nayo inavuta maji yaliyomo ndani ya tofu, ndiyo hayo uliyoyakuta bakulini.

Uyoga mbichi hali kadhalika. Limau litauchachusha tu, halitauivisha, na uyoga si kitu cha kula ukiwa haujaguswa na moto.

Sasa sikiliza jambo litakalokurahisishia kazi. Kelaguen ipo ya kamba, ya samaki na ya nyama ya ng'ombe, lakini inayoonekana zaidi kwenye meza za sherehe ni ya kuku, kelaguen månnok, na hiyo haipikwi kwa limau. Kuku huchomwa kwanza, akakatwakatwa vipande vidogo sana, ndipo akachanganywa na limau, nazi iliyokunwa, vitunguu vya majani, pilipili na chumvi. Ukaze wake na ule moshi vinatoka jikoni, limau linakuja kuleta uchachu. Hiyo ndiyo njia ya kufuata. Kule Guam wengi huchomea kuni za tangantangan, mti ambao sisi tunauita mlusina. Wamarekani waliumwaga mbegu kisiwani baada ya Vita vya Pili vya Dunia ili udongo usimomonyoke, na leo umejaa kila mahali. Wewe mkaa wa kawaida unakutosha.

Badala ya kuku, chaguo langu la kwanza ni uyoga wa mamama. Kuta za seli za uyoga zina kitini, kitu kile kile kinachounda gamba la kamba, na kitini haiyeyuki kwa moto wa jikoni. Kwa hiyo unaweza kuuchoma kwa ukali bila kuogopa kwamba utapondeka. Chukua gramu 500, uchane kwa mikono kufuata nyuzi zake, upake mafuta kidogo, kisha uuchome kwenye jiko la mkaa au kikaango cha chuma kilichopata moto hasa. Tandaza safu moja tu. Ukiurundika unajichemsha kwa maji yake, na sehemu kubwa ya uyoga ni maji. Chumvi isubiri mpaka kingo zianze kuwa kahawia na sauti ya kuchuruzika ipungue. Usishangae ukipungua karibu nusu. Hayo yaliyokwenda ndiyo maji yaliyokusumbua. Matone machache ya sosi ya soya mwishoni mwa kuchoma yanaziba pengo la ladha ya kuku. Wapo watakaosema sosi ya soya mahali pake ni kwenye fina'denne', ile sosi ya pilipili ya kuchovyea, si ndani ya kelaguen. Wana hoja, lakini mimi naiweka.

Uache upoe kabisa, kisha uukate vipande vidogo kama vya kachumbari. Hapo ndipo tia maji ya limau vijiko 4 vya mezani, vitunguu vya majani vitatu au vinne, pilipili kichaa kwa kadiri unavyoweza kuivumilia, na chumvi. Acha dakika 20, onja, ongeza limau. Kelaguen inapaswa kukukunja uso kidogo. Ikiwa na uchachu wa kubembeleza, bado. Ukipata kalamansi, vile vindimu vidogo vinavyouzwa kwenye maduka ya Wafilipino, harufu yake itakufikisha karibu zaidi na ya kisiwani.

Ukiipenda tofu usiitupe. Nunua iliyo ngumu, igandishe kwenye friza usiku kucha, iyeyushe, kisha ikamue kwa kuikandamiza na kitu kizito. Barafu inapoumbika ndani inatoboa vijitundu, na tofu inatoka kama sponji: maji yanatoka kirahisi na limau linaingia kirahisi. Ichane, ichome, uendelee kama kwa uyoga.

Fenesi la kopo linafaa, ila soma lebo. Uchukue bichi lililowekwa kwenye maji ya chumvi. Lile la sharubati ni tamu na halikufai. Shida yake ni kwamba maji ya kopo mara nyingi yana asidi, na asidi inazuia pektini, ile gundi inayoshikanisha seli za mmea, isilainike. Ukilipika na limau tangu mwanzo, litabaki gumu hata ukichochea kuni mpaka magharibi. Lioshe, lichemshe kwenye maji matupu mpaka nyuzi ziachane, likamue kwa kitambaa, lichome. Limau mwisho. Lakini ujue kwamba protini humo ni kidogo sana, kwa hiyo likiwa ndiyo mlo mzima, weka na maharage pembeni.

Tuje kwenye nazi. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi za sentigredi, kwa hiyo hayo mabonge ya friji si ajabu. Changanya uyoga na limau mapema ukipenda, nazi itie muda mfupi kabla ya kula, kikombe kimoja kwa kiasi nilichokutajia. Ikunwe mbichi. Ile kavu ya pakiti inanyonya maji ya limau yote na kukuachia kitu kama pumba. Na ukimwona jirani akitoa kåmyo yake utacheka: ni kigoda chenye chuma cha meno mbele, mtu anakikalia akikuna, yaani mbuzi wetu kabisa. Nazi iliyokunwa inachacha haraka, kwa hiyo mabaki yawe kwenye friji na yaliwe kesho yake. Yatoe mapema kidogo kabla ya kula ili mafuta yalegee.

Inaliwa na titiyas, mkate bapa wa ngano au mahindi. Ule wa ngano hukandwa kwa tui, lakini wengi huongeza siagi. Weka mafuta ya nazi badala yake. Wali mwekundu, hineksa' aga'ga', unapata rangi kwa mbegu za achote, ambazo Zanzibar ni zingefuri. Loweka mbegu kwenye maji ya vuguvugu, zifikiche mpaka maji yawe mekundu, chuja, pikia wali. Ila kwenye sherehe uliza kabla hujapakua: wengi hutia bekoni au supu ya kuku humo, na kwa macho huwezi kujua. Fina'denne' ya sosi ya soya, limau, vitunguu na pilipili haina shida. Ukikuta gollai åppan lemmai, pakua bila wasiwasi: hilo ni shelisheli kwenye tui.