Kijana akitoka homa usimwachie mbio

Nyinyi mnaoanza kushika boksi la huduma ya kwanza kwenye timu zetu hapa Malindi, hili nawaambia mapema maana mimi nililijua kwa kuchelewa. Mchezaji akiwa na homa msimwambie akimbie ufuoni atoe jasho apone. Virusi vya mafua au vya korona wakati mwingine vinafika mpaka kwenye msuli wa moyo ukavimba, madaktari wanaita mayokaditisi, na moyo uliovimba ukiulazimisha mbio unazidi kuumia, unaweza kuanza kupiga ovyo mtu akaanguka hapo hapo hata kama ndie mwenye pumzi kuliko wote.

Nilikua na winga mmoja, homa imemwacha juzi tu, panadol bado ziko mfukoni, akaniambia niko fiti, na tulikua na nusu fainali, nikamwachia. Kabla ya hafutaimu nikamwona ameinama kashika magoti, anasema kifua kinabana alafu moyo unaruka. Nikamshika mkono hapa chini ya kidole gumba, mapigo yanakwenda, yanakatika, yanakwenda. Wallahi sitasahau. Tulimtoa na alhamdulillahi yuko hai.

Tangu siku ile nina daftari. Kila mchezaji anahesabu mapigo yake asubuhi kabla hajatoka kitandani, dakika nzima, ananiletea naandika. Mazoezi yamewashusha wengi mpaka 50 na kitu. Sasa yule wa 54 akija na 80 anasema homa imeisha, huyo hakimbii, namtuma hospitali apimwe ECG, yaani umeme wa moyo, na damu ya troponini, ile inayoonyesha kama msuli wa moyo umeumia, na daktari akiona haja wanapiga moyo picha, eko au MRI. ECG ikitoka safi na kifua bado kinauma usikubali yaishie hapo.

Makochi watakusukuma, hilo jua. Mi huwaambia habari ya Alphonso Davies, beki wa Bayern Munich ya Ujerumani, Januari 2022 alikutwa na uvimbe wa moyo baada ya korona, tena ule mdogo, na klabu kubwa vile ikamuweka nje mpaka Aprili. Kawaida mwenye uvimbe huo anakaa miezi 3 mpaka 6 bila mazoezi makali, alafu anapimwa upya pamoja na kukimbizwa kwenye mashine, ndio anarudi pole pole.

Winga wangu nilipomuweka nje alininunia mwezi mzima, hata salamu haitiki. Nikampa lile daftari alishike yeye, aandike mapigo ya wenzake, maana mchezaji ukimwacha nyumbani bila kazi jioni utamkuta ufuoni anacheza kisirisiri.