Kuku 11 wamekufa usiku mmoja: ni mbweha kweli? Na waliobaki niwalinde vipi?

SWALI: Daktari, salaam. Niko Kisarawe, nafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba. Nilikuwa nao wakubwa 14. Juzi usiku nilisikia purukushani bandani, nikadhani ni panya. Asubuhi nikakuta 11 wamekufa. Wawili vichwa vimeliwa, wengine wana matundu tu shingoni, na hakuna aliyechukuliwa. Mlango ulikuwa na komeo na chini hapajachimbwa, ila kona moja ya wavu wa kuku, kule juu karibu na bati, imeachia na tundu lake linapitisha ngumi. Majirani wanasema ni mbweha, wananishauri nitege nyama yenye sumu. Nimebakiwa na matetea watatu, sungura wanne kwenye kizimba cha nje, mbwa na paka. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, mama. Hasara ya kuku 11 kwa usiku mmoja inauma.

Kwanza tumwondoe mbweha kwenye kesi. Huyo ni wa jamii ya mbwa, hapandi ukuta hadi kwenye bati akapenya tundu la ngumi. Angechimba chini au angetumia mlango uliosahauliwa, na akishampata kuku kwa kawaida huondoka naye. (Wapo pia “mbweha” wenye mkanda shingoni, wanaolala kwa jirani, ila hata hao wasingepita hapo.) Tundu la juu, kuku kung'atwa shingo na kichwa, mizoga kuachwa palepale: hapo namshuku kanu, yule mwembamba mwenye madoadoa na mkia mrefu wa pete, ambaye wengi humwita paka pori. Hutembea usiku, hupanda vizuri sana, na kichwa kikishapita, mwili unafuata. Nanyi mko jirani na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, kwa hiyo wageni wa aina hii msishangae kuwaona. Kuua 11 na kula kidogo tu kuna sababu yake: kuku wanaporukaruka ndani ya chumba wasichoweza kutoka, mnyama huendelea kung'ata kila kinachotikisika mbele yake.

Ukitaka uhakika, mwaga majivu au mchanga laini chini ya ukuta ule jioni. Nyayo ndogo za duara kama za paka, zisizo na alama za kucha, zitatilia nguvu shaka yangu. Nyayo za jamii ya mbwa huonyesha kucha.

Yeyote aliyekuja atarudi, maana ameshajua njia. Kwa hiyo leo kabla ya magharibi hamisha matetea wale watatu na sungura uwaingize stoo, jikoni, popote penye ukuta na mlango. Tenga lililofunikwa na kuwekewa tofali juu halitoshi likiwa nje. Mizoga usimpe mbwa wala usiitupe kichakani, kwa kuwa ni kumwandalia mgeni karamu. Choma au fukia kwa kina.

Matetea hao washike mmoja mmoja mchana, upulize manyoya shingoni, mgongoni na chini ya mbawa. Jino la kanu huacha tundu dogo mno lisiloonekana kwa juu, huku ndani usaha unajikusanya. Ukiliona, osha kwa maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, paka dawa ya iodini, na mtenge mwenye jeraha, kwa sababu wenzake wakiona damu watamdonoa. Akizubaa au akiacha kula, mwite mtaalamu wa mifugo. Akimpa antibayotiki, muulize mayai yasiliwe kwa siku ngapi. Wakiacha kutaga kwa muda usiwachinje kwa hasira, ni mshtuko tu.

Sasa banda. Wavu wa kuku wa matundu ya pembe sita kazi yake ni kuzuia kuku asitoke. Kuzuia mnyama asiingie hauwezi: waya wake ni laini, husukumwa, na misumari iliyopindwa huachia taratibu. Nunua wavu mgumu wa matundu ya mraba uliochomelewa, tundu lisizidi nusu inchi. Usiupigilie peke yake. Uweke katikati ya fremu na ubao mwembamba, kisha ubao ndio upigiwe misumari. Ingia ndani saa sita mchana, funga mlango, utazame mwanga unapopenya kati ya ukuta na bati. Penye mwanga wa kupitisha vidole vitatu pazibwe. Chini, tandaza wavu huo kuzunguka banda kwa upana wa nusu mita kuelekea nje, uufukie kidogo. Hapo hata mchimbaji, kama kicheche au huyo mbweha wa majirani, atakwama.

Kizimba cha sungura kikiwa na sakafu ya wavu, kinyanyue na ukizungushie chini pia. Mnyama huvuta miguu kutokea chini, na sungura akihangaika kwa hofu anaweza hata kuvunjika mgongo.

Sumu hapana, mama. Wa kwanza kuifikia nyama hiyo atakuwa mbwa wako, au matetea wenyewe, maana kuku hudonoa nyama kama kawaida. Kuua mnyamapori nako kuna masharti yake katika Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Akiendelea kusumbua, ripoti kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Mbwa na paka wako hawajasemwa kuwa na chanjo. Mnyama wa porini akipigana nao, hofu yangu kubwa ni kichaa cha mbwa. Chanjo hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Ulizia ofisi ya mifugo ya kata. Kama mmoja wao ana jeraha jipya, usilishike kwa mkono mtupu, na umpeleke kwa daktari upesi. Binadamu aking'atwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo.

Kuku wapya usinunue mpaka ukuta umezibwa na majivu yamekaa wiki kadhaa bila nyayo mpya. Ukiwaleta, watenge na hao watatu kwa wiki mbili, na wote wapate chanjo ya kideri, ile ya tone la jicho, kila baada ya miezi mitatu.