Modeli ya kutambua vinundu vya thairoidi: kazi iko kwenye picha

Ndugu uliyeuliza utumie ResNet au VGG (aina mbili za modeli za kompyuta za kutambua picha) kutenganisha vinundu vya saratani na visivyo vya saratani kwenye picha za ekografi (ultrasound) ya thairoidi, tezi ya shingoni: chukua ResNet iliyokwisha kufundishwa kwa ImageNet (mkusanyo mkubwa wa picha za vitu vya kawaida), uiendeleze kwa picha zako. Hilo halitakusumbua. Picha ndizo zitakazokusumbua.

Nafanya kazi hii pamoja na daktari wa ekografi hapa Bukavu. Tulipewa modeli iliyofundishwa ugenini, tukaijaribu kwa picha za hapa, ikaonekana hodari. Tukaitaka ituonyeshe kwa rangi inatazama wapi. Wekundu wote ulikaa juu ya vile vimsalaba vidogo ambavyo daktari huviweka kwenye kingo za kinundu anapokipima. Kinundu cha maji matupu mara nyingi hukipita bila kukipima. Kinachomtia shaka ndicho hukipima. Basi modeli ilikuwa inasoma shaka ya daktari! Mwombe anayepiga picha ahifadhi nakala moja kabla ya kuweka vimsalaba. Kuvifunika kwa weusi hakusaidii, maana weusi nao ni alama. Na jina la mgonjwa pale juu ya picha likatwe kabla faili halijatoka hospitalini.

Suala la pili ni jibu sahihi unalitoa wapi. Mfumo wa ACR TI-RADS wa 2017, wa madaktari wa picha wa Marekani, hutazama muundo wa kinundu, weupe au weusi wake, umbo, kingo na chembe zinazong'aa, kisha hukipa daraja TR1 hadi TR5, ya mwisho ikiwa ya shaka zaidi. Kinundu cha TR5 huchomwa sindano ya kutoa chembe za kupima maabara kikifika sentimita 1, TR4 sentimita 1.5, TR3 sentimita 2.5. Ukifundisha kwa madaraja hayo, modeli itaiga jicho la daktari tu. Ili ijue saratani yenyewe, ifundishe kwa majibu ya sindano, na bora zaidi ya nyama iliyotolewa kwa upasuaji. Kwetu hapo ndipo pagumu, kwa sababu wagonjwa wengine wakisikia bei ya kipimo hawarudi.

Halafu kuna rovu letu, yaani uvimbe wa thairoidi. Watafiti wa miaka ya 1960 walikuta katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, kaskazini rovu limejaa na kusini-magharibi ni haba, ingawa iodini ilipungua kisiwa kizima. Tofauti wakaihusisha na ulaji wa muhogo. Hadi leo anakuja mama mwenye shingo iliyojaa vinundu, sindano inachoma kimoja, na karatasi ya maabara inasema tu "thairoidi, kulia". Jibu hilo ni la kinundu kipi? Kila kinundu kipewe namba na mahali pake (kulia au kushoto, juu, katikati au chini) siku ileile ya ekografi, na namba hiyo iandikwe kwenye chupa ya sampuli. Bila hivyo huna data, una picha tu.

Unapogawa picha za kufundishia na za kupimia, gawa kwa mgonjwa, shingo moja isiwe pande zote mbili. Na usituletee asilimia ya usahihi peke yake: vinundu vingi si saratani, hata modeli inayojibu "salama" kila mara itapata alama nzuri. Tuambie saratani ngapi zimeipita.

Una vinundu vingapi vyenye jibu la sindano? Andika hapa, tuone kama vinatosha kuanza.